Je, mbio za Iten zilianza mwaka 1976?

"Mimi ni mwalimu mchanga katika shule ya upili karibu na Iten, mji wa Kenya unaosifika kwa wakimbiaji. Tunaandaa maonyesho madogo kuhusu timu na wanariadha wa kwanza wa mji huu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika maelezo ya ukutani. Babu yangu ana miaka 86. Husema kwamba kabla ya uhuru alikimbia maili moja, miguu mitupu, katika mashindano ya wilaya kule Tambach, na kwamba siku hiyo alimshinda kijana ambaye baadaye jina lake lilivuma duniani. Ana kikombe kidogo kisicho na jina na picha moja ambayo imegandamana na kioo cha fremu. Lakini kila ninachosoma kinasema riadha ya Iten ilianza mwaka 1976, alipokuja mwalimu Mwairishi katika shule ya St. Patrick's. Wenzangu wananiambia nisitundike hadithi za wazee ukutani. Wengine wanasema hakuna historia ya kuandika hapa, ni damu na miinuko tu. Niandike nini bila kuwadanganya wanafunzi na bila kumvunjia babu heshima?"

Mwalimu, kwanza mfikishie babu salamu zangu, na umwambie nina kazi naye kabla jibu hili halijaisha.

Swali lako nimelisoma mara tatu. Naona umebeba hofu mbili zinazovutana: unaogopa kuwalisha wanafunzi jambo lisilo na ushahidi, na unaogopa mzee wako asije akaonekana mwongo mbele ya mji mzima. Nikutulize upande mmoja mapema. Kisa cha babu na kisa cha 1976 havigombani hata kidogo. Ni visa viwili vya nyakati mbili, na tatizo lilianza watu walipokichukua hicho cha pili wakakifanya mwanzo wa kila kitu.

Tukiangalie hicho cha 1976 kwanza. Ni kweli kwamba Bruda Colm O'Connell, Mwairishi wa shirika la Patrician Brothers, alifika Iten mwaka huo kufundisha jiografia. Hakuja kama kocha, wala hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Aliyekuwa akisimamia mbio shuleni alikuwa mwalimu Mwingereza aitwaye Peter Foster, nduguye Brendan Foster ambaye mwaka huohuo alipata shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal. Kwa hiyo Bruda Colm aliikuta timu ikifanya mazoezi, naye akaanza kwa kusaidia. Shule yenyewe ilikuwa imefunguliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mike Boit, aliyesoma hapo, alikuwa ameshapanda jukwaani mjini Munich mwaka 1972 kupokea shaba ya mita 800. Mwandikie mwenzako anayekubishia tarehe hiyo moja tu kwenye kikaratasi umwachie mezani: medali ya 1972 haiwezi kutokana na kazi iliyoanza 1976.

Halafu kuna jambo ambalo wageni hawalijui na wenyeji wengi wamelisahau. Katika miaka yake ya mwanzo, St. Patrick's ilisifika kwa voliboli. Ukimpata mzee aliyesoma hapo zamani, muulize habari za voliboli kabla ya kumuuliza habari za mbio, uone uso wake unavyobadilika. Umesema maonyesho yenu yanahusu timu za mji. Basi msije mkaweka wakimbiaji peke yao kwa sababu tu ndio dunia inawafahamu. Timu ya voliboli, timu ya kandanda ya soko, vijana wa kupokezana vijiti ambao hakuna hata mmoja aliyefika Nairobi, wote hao ni historia ya mji, na hao ndio wanaotoweka haraka zaidi.

Sasa, ikiwa mbio hazikuanza 1976, ni nini kilichoanza? Kwa maoni yangu, kilichoanza ni kukaa. Mwalimu wa kigeni wa enzi zile aghalabu alikuja kwa mkataba wa miaka michache, akaondoka na alichojifunza. Huyu alibaki miongo na miongo mahali pamoja. Alitazama darasa moja la vijana likikua, likaja la pili, la kumi, na kila mara alikumbuka ni mazoezi gani yaliwafaa waliotangulia na yapi yaliwaumiza. Mwaka 1989 akaanzisha kambi ya vijana wakati wa likizo, na mtindo huo wa kambi ukaenea mjini. Hilo ni jambo kubwa na mpe haki yake yote ukutani. Ila liandikwe kama sura ya katikati, na kurasa zilizotangulia nazo zionekane.

Kurasa hizo ndizo za babu yako, na hapa nitakaa kidogo.

Serikali ya kikoloni ilipenda michezo kwa sababu zake. Watawala wa Bonde la Ufa waliona vijana wenye nguvu, wizi wa mifugo kati ya jamii na jamii, kodi isiyolipwa kwa hiari, nao wakaamini kwamba siku za michezo zingewatuliza vijana na kuwazoesha utaratibu, filimbi na mstari. Tunaweza kulichukia wazo hilo na bado tukakubali kwamba liliacha ngazi ya mashindano: lokesheni, tarafa, wilaya, mkoa, kisha koloni nzima. Chifu alikusanya vijana wake, mwalimu wa shule ya misheni akaleta wake, jeshi, polisi na magereza wakaleta wao. Mwaka 1951 kikaundwa chama cha riadha cha Kenya. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony wakakimbia London, na Waingereza wakashangaa kumwona Chepkwony akikimbia maili sita bila viatu. Mwaka huohuo Kenya ilituma timu yake ya kwanza kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, Vancouver, na mwaka 1956 ikaenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne, ambako Maiyoro alimaliza wa saba katika mita 5,000.

Angalia mahali babu anapopataja: Tambach. Kijana wa leo akibuni hadithi ataiweka Iten, kwa sababu leo Iten ndiyo makao makuu na ndiyo yenye lango la mabingwa. Lakini enzi za ukoloni makao ya wilaya ya Elgeyo-Marakwet yalikuwa Tambach, pale kwenye kipande cha tambarare ubavuni mwa mteremko wa Kerio. Shule ya serikali ilikuwa huko, na chuo cha walimu kilikuwa huko. Mashindano ya wilaya kufanyika kwenye makao ya wilaya ni jambo la kutarajiwa kabisa. Hilo si ushahidi kwamba babu alishinda, lakini ni ushahidi kwamba kumbukumbu yake imekaa mahali pake.

Angalia pia neno "maili". Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipima kwa yadi na maili hadi ile ya Kingston ya 1966, ambako Kipchoge Keino alishinda maili moja na maili tatu. Mita zikaingia katika michezo ya Edinburgh ya 1970. Mashindano yetu ya koloni yalifuata vipimo vya Waingereza, kwa hiyo mzee anayesema maili, au yadi 880, anazungumza lugha ya wakati wake. Mtoto wa mwaka 1980 angesema mita 1,500. Ukiandika maelezo yako, usimbadilishie kipimo. Maili ni mita 1,609, tofauti na mita 1,500 kwa zaidi ya mita 100, na ukizichanganya muda wowote utakaoutaja utakuwa si sahihi.

Hata hivyo, Mwalimu, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Majina makubwa ya Kenya ya miaka ya 1950 na 1960 hayakutoka Iten. Maiyoro alitoka Kisii, na Naftali Temu, aliyeshinda mita 10,000 Mexico mwaka 1968, alitoka huko pia. Wilson Kiprugut, aliyetuletea medali yetu ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964, shaba ya mita 800 mjini Tokyo, alitoka upande wa Kericho. Keino ni Mnandi. Seraphino Antao, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 mjini Perth mwaka 1962, alikuwa kijana wa Mombasa. Ukiandika kwamba Iten ilikuwa makao ya mbio tangu zama za kale, utakuwa umefanya kosa lilelile la watu wa 1976, ila kwa upande wako. Andika kwamba wakati ule Iten ilikuwa kijiji kwenye ukingo wa bonde, na kwamba vijana wake walikimbia katika mashindano ya wilaya kama vijana wa wilaya nyingine. Hiyo ni hadithi nzuri zaidi, kwa sababu inamwachia mwanafunzi swali la kweli: mji huu ulifikaje hapa?

Swali hilo linanipeleka kwa wenzako wa "damu na miinuko".

Miinuko ina kazi yake na sitaikana. Iten iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, na msukumo wa hewa huko ni kama robo tatu ya ule wa pwani. Kila pumzi inaingia na oksijeni pungufu. Figo zikihisi upungufu huo hutoa homoni inayouamsha uboho utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi, na mtu aliyezaliwa na kukulia huko huwa amezoea kazi ngumu katika hewa nyepesi. Ndiyo maana wakimbiaji wa mataifa mengine huja kupiga kambi kwenu. Lakini hebu fikiri: mteremko wa Kerio haukupanda juu kati ya mwaka 1950 na 1988. Watu ni walewale na kilima ni kilekile, na kitu ambacho hakikubadilika hakiwezi kueleza badiliko. Vilivyobadilika ni shule za bweni zilizowakusanya vijana pamoja, mashindano ya shule, viatu, barabara ya Eldoret, nafasi za kazi katika majeshi, na nafasi za masomo Marekani. Antao naye alikulia pwani kabisa, kwenye usawa wa bahari. Mbio fupi hazidai hewa ya milimani, hilo najua, lakini anatosha kutukumbusha kwamba riadha ya Kenya haikuzaliwa mlimani peke yake.

Habari ya kila bingwa kukimbia kilomita kumi kwenda shule nayo iguse kwa uangalifu. Wapo waliokimbia. Wapo waliokaa bweni, na wapo ambao shule ilikuwa nyuma ya zizi la baba. Mwenye kisa hicho na akiseme mwenyewe, kwa jina lake.

Turudi kwa babu na jinsi ya kupima anachosema. Wenzako wanaposema hadithi za wazee si historia, wamekosea, ila wana hoja moja: kumbukumbu ya mtu mmoja, bila kupimwa, haitoshi. Basi ipime. Usimuulize "ilikuwa mwaka 1958?", maana mzee anayekupenda atakubali mwaka wowote utakaomtajia. Muulize chifu alikuwa nani. Muulize walilala wapi usiku ule, walikula nini, nani alipiga filimbi, walivuka mto gani kwa mguu. Muulize ilikuwa kabla au baada ya zile mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 ambazo wazee wote wanazikumbuka, kabla au baada ya Hali ya Hatari ya enzi za Mau Mau kuisha mwaka 1960. Muulize rika lake na waliotahiriwa pamoja naye. Kwa Wakeiyo, kama kwa Wakalenjin wengine, jina la rika, liwe Kipkoimet, Kaplelach au Kimnyige, linambana mtu ndani ya miaka fulani vizuri kuliko cheti cha kuzaliwa ambacho pengine kiliandikwa kwa kukisia. Mzee mmoja wa rika lake akikaa naye kivulini watasahihishana wenyewe, na wewe utakuwa na kazi ya kusikiliza tu.

Muulize pia walizunguka uwanja mara ngapi. Uwanja kamili wa yadi 440 unatoa mizunguko minne kwa maili. Lakini viwanja vya nyasi vya wakati ule vilikatwa kulingana na nafasi iliyokuwapo. Akikwambia mizunguko mitano au sita usidhani amekosea. Huenda anakumbuka uwanja halisi wenye kipimo chake, na mtu anayebuni angekutajia minne aliyoisikia kwenye redio.

Kuhusu huyo kijana aliyeshindwa ambaye baadaye akawa maarufu: inawezekana. Kila bingwa aliwahi kuwa kijana wa kawaida aliyeachwa nyuma kwenye nyasi za wilaya. Lakini kumbukumbu ya binadamu ina tabia moja ninayoijua vizuri baada ya miaka mingi ya kukaa na wazee: jina likishavuma, hurudi nyuma na kuingia kwenye mbio ambazo pengine halikuwamo. Mzee hadanganyi, hata yeye hajui limeingia lini. Kisa hiki kiandike kama maneno yake, usikitie kichwa cha habari, na jina la huyo bingwa usiliweke mpaka upate shahidi wa pili.

Ukienda kwenye nyaraka, ujue jinsi zilivyoandikwa, la sivyo utapita juu ya jina la babu bila kuliona. Wakoloni waliandika "Elgeyo" walipomaanisha Keiyo. Wilaya hiyo iligawanywa mwaka 1994 ikawa Keiyo na Marakwet, kisha katiba ya 2010 ikaleta kaunti ya Elgeyo-Marakwet, kwa hiyo faili za mji mmoja zimetawanyika chini ya majina tofauti. Majina ya watu ni shida kubwa zaidi. Karani aliandika alichosikia. Mtu yuleyule anaweza kuwa na jina la ubatizo tu, au jina la kuzaliwa, au jina la baba baada ya "arap", yaani mwana wa. Keino ni jina la baba, Kipchoge ndiye mwenyewe, lakini dunia ilimwita Keino. Kiprugut anaitwa pia Chumo. Tafuta kila namna jina la babu linavyoweza kuandikwa, na utafute pia jina la lokesheni yake, kwa sababu mara nyingi mshindi aliandikwa kwa lokesheni bila jina lolote.

Mahali pa kwenda ni Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Nairobi, Moi Avenue. Omba ripoti za mwaka za wilaya ya Elgeyo-Marakwet. Usitegemee makubwa. DC, yaani mkuu wa wilaya, aliandika kurasa nyingi kuhusu mahindi na ng'ombe, kisha mstari mmoja kuhusu michezo, na mstari huo pengine unamsifu mgeni wa heshima aliyekabidhi vikombe. Baada ya hapo tafuta magazeti. Wengi hukimbilia magazeti ya Kiingereza, lakini mimi ningeanza na Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanza mwaka 1939, na Taifa lililoanza mwaka 1958, kwa sababu ndiyo yaliyosomwa na watu wetu. Maktaba ya McMillan, palepale Nairobi, ina magazeti ya zamani. Ukikosa usivunjike moyo. Mashindano mengi ya wilaya hayakumwona mwandishi hata mmoja, na ukimya wa gazeti hauthibitishi kwamba hakuna aliyekimbia.

Kikombe nacho kinaweza kusema. Kipindue utazame chini na karibu na shikio. Ukiona herufi EPNS, ni kikombe cha aloi ya shaba na nikeli kilichopakwa fedha, kazi ya kawaida ya viwanda vya Uingereza, na hakina tarehe. Ukiona mihuri midogo yenye mnyama na herufi moja ndani ya fremu, hiyo ni fedha halisi, na ile herufi inamwambia sonara anayejua mihuri ya Kiingereza mwaka kilipopigwa. Usikisugue kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arisha, maana ukifuta mchoro uliofifia umeufuta milele. Na uwe tayari kusikia kwamba ni kikombe cha timu kilichotunzwa na babu kwa niaba ya wenzake. Hilo lisikuvunje moyo. Kwa maonyesho ya timu za mji, mimi ningekifurahia zaidi kikiwa hivyo.

Picha ndiyo inayonipa wasiwasi. Tafadhali usiibandue kwenye kioo. Unyevu umeulainisha utando wa picha ukashikana na kioo, na ukivuta, uso wa mtu utabaki kwenye kioo na karatasi itabaki nyeupe. Ipige picha kwa simu ikiwa humo humo kwenye fremu, kando ya dirisha, bila mwangaza wa simu, kisha uipeleke mwenyewe kwa mkono kwa wahifadhi wa nyaraka au wa makumbusho Nairobi, wanaoelewa karatasi za zamani. Hapa hakuna ushauri wa mbali unaoweza kuchukua nafasi ya mikono yao. Nakala ya simu inatosha kwa ukuta. Ukiitazama, angalia miguu, herufi kwenye fulana, mistari ya chokaa, kofia za waamuzi, mlima ulio nyuma. Mkeiyo yeyote mzee akiona umbo la mteremko atakwambia picha ilipigwa ukiwa umesimama wapi.

Kuna kizazi kingine ambacho ningependa ukikumbuke, maana hakijawahi kupata ukuta wowote. Kenya ilisusia Olimpiki ya 1976 kwa sababu ya uhusiano wa kimichezo wa New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi, ikasusia tena ile ya Moscow mwaka 1980. Vijana waliokuwa na kasi yao katika miaka hiyo hawana medali ya Olimpiki, na mtu asiyejua akitazama orodha ataona pengo, aseme "hakukuwa na kitu". Walikuwapo, wengi wao njia yao ilipitia vyuo vya Marekani. Boit alisoma Eastern New Mexico. Ibrahim Hussein, mwanafunzi mwingine wa St. Patrick's, alikwenda Chuo Kikuu cha New Mexico, kisha mwaka 1987 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathon ya New York, na mwaka 1988 wa kwanza kushinda ile ya Boston. Vyuo hivyo huweka matokeo ya wanariadha wao kwa uangalifu sana. Barua pepe moja ya heshima, yenye jina na miaka, mara nyingi hujibiwa. Kwa kijana wa Iten wa mwaka 1979, huenda rekodi zake ziko zaidi jangwani New Mexico kuliko Iten.

Miaka iliyofuata inajulikana, nami sitakuchosha nayo: Peter Rono akishinda mita 1,500 Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 21, Matthew Birir akishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992, Wilson Kipketer, kisha David Rudisha aliyesoma Kimuron, hapohapo Iten. Wapeleke wanafunzi wako wakaione miti iliyopandwa na mabingwa ndani ya uwanja wa St. Patrick's, kila mti na jina lake. Wahesabu miti, halafu uwaulize ni nani hana mti.

Watakaokosekana kwanza ni wasichana. Hili nalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona maonyesho mengi ya shule yenye wanaume watupu. Wanawake wa kwanza wa Kenya kwenda Olimpiki walikwenda Mexico mwaka 1968: Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire. Mwaka 1974 Sabina Chebichi, msichana mdogo aliyejulikana kwa kukimbia na gauni la ndani, alipata shaba ya mita 800 katika michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch. Lakini Olimpiki haikuwapa wanawake mita 1,500 mpaka 1972, marathon mpaka 1984, mita 10,000 mpaka 1988, na mita 5,000 mpaka 1996. Msichana wa Keiyo mwenye pumzi ya mbio ndefu katika mwaka 1970 hakuwa na mbio za kwenda kushinda. Mlango ulipofunguliwa tu, Pauline Konga akapata fedha ya mita 5,000 Atlanta mwaka 1996, na mwaka uliofuata Sally Barsosio, binti wa Keiyo, akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mjini Athens. Kwa hiyo ukimaliza na babu, keti na bibi. Muulize nani alikuwa na mbio katika wasichana wa rika lake, na ni nini kilichomtoa mchezoni: ndoa, karo, au mwalimu aliyesema hapana. Pita pia Sing'ore, shule ya wasichana iliyowalea wakimbiaji wengi, uone walichonacho ofisini.

Sasa maelezo yenyewe. Una njia tatu. Unaweza kuacha kisa cha babu kabisa, ukawa salama na ukawa umeusaidia mji kusahau. Unaweza kukiandika kama jambo lililothibitishwa, na siku mwanafunzi mmoja akikuta kosa hataamini ukuta mzima. Mimi ningechukua ya tatu, kumwonyesha msomaji nguvu ya kila kauli. Mahali penye hati, sema inatoka kwenye hati gani. Mahali penye shahidi aliyekuwapo, mtaje na useme ndiye anayesimulia. Mahali penye maneno ya kusikia, tumia "inasemekana" na usione aibu. Kwa mfano: "Mzee fulani, wa rika la fulani, anasimulia kwamba alikimbia maili moja katika mashindano ya wilaya, Tambach, kabla ya uhuru. Kikombe hiki kimetunzwa nyumbani kwake tangu wakati huo. Tunaendelea kutafuta kumbukumbu za mashindano hayo. Ukizijua, zungumza na mwalimu." Sentensi ya mwisho usiiache. Siku ya maonyesho mzee mwingine atasimama mbele ya hicho kikombe na kukuita pembeni.

Kabla ya kutundika, msomee babu kila neno kwa sauti, kwa Kikeiyo, na umwache aseme kama anakubali. Kikombe kikiondoka nyumbani, kiandikiwe karatasi ya kupokelewa, kirudi baada ya siku hizo. Mrekodi kwa simu, uhifadhi nakala mbili mahali tofauti, moja nje ya simu yako. Miaka 86 haingoji likizo ya Desemba, kwa hiyo nenda mwisho wa wiki hii.

Na ukishamwuliza mengine yote, muulize nani alikuwa wa pili siku ile. Watu hukumbuka mshindi, lakini mkimbiaji humkumbuka yule aliyemsikia akipumua nyuma yake. Akikutajia jina, tafuta nyumba hiyo, hata kama mwenyewe ameshafariki. Usiwaambie babu yako alisema nini. Waulize tu kama mzee wao aliwahi kukimbia Tambach, na nani alimshinda.